Lita Moja, Vibarua Watano: Magharibi mwa Kenya na Mafuta Tusiyoyachimba

Mheshimiwa mwenyekiti, viongozi wa vyama vya ushirika mliotoka Muhoroni, Ahero, Siaya na Vihiga, akina mama wa soko la Kibuye, vijana wa boda boda, na nyote mliofika hapa Kisumu, hamjambo?

Mafuta nchini mwetu huzungumzwa mara moja kwa mwezi. Tarehe 14 EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, hutangaza bei, usiku huo pampu hubadilishwa, watu wakanung'unika siku mbili tatu, kisha kila mtu akarudi kazini. Leo tunaomba bei tuiweke kando kwanza, tuhesabu kazi. Bei hupanda na kushuka, lakini kazi iliyomo ndani ya lita ni ile ile.

Lita moja ya dizeli ina joto la takriban yuniti 10, yuniti hizo hizo mnazonunua kwa tokeni za stima. Injini ya dizeli iliyo katika hali nzuri hugeuza karibu theluthi moja ya joto hilo kuwa kazi. Lililobaki hupotelea kwenye ekzosi na rejeta. Tunabaki na yuniti 3. Sasa mchukue kibarua mwenye afya yake, mpe jembe, afanye kazi kwa muda wa saa nane. Kazi yote atakayoitoa siku hiyo ni takriban yuniti 0.6. Kwa hiyo lita moja ni vibarua watano wa kutwa. Septemba 2023, petroli na dizeli zilipopita shilingi 200 na nchi nzima ikalia, lita hiyo bado ilikuwa nafuu kuliko ujira wa siku wa kibarua mmoja sehemu nyingi za magharibi. Tumejenga kilimo, usafiri, soko na chakula chetu juu ya vibarua wanaolipwa chini ya sehemu ya tano ya thamani yao, na tumesahau kwamba wapo.

Vibarua hao wanatoka mbali. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe, Mombasa, kiliacha kusafisha mwaka 2013, kwa hiyo kila lita tunayochoma huingia ikiwa tayari imesafishwa, sehemu kubwa kutoka Ghuba ya Uarabuni kupitia mlango wa bahari wa Hormuz. Hushushwa bandarini Kipevu, huingia kwenye bomba lililofika Nairobi mwaka 1978, kisha Nakuru, Eldoret na Kisumu mwaka 1994. Tawi la Kisumu linachepuka pale Sinendet. Angalieni ramani hiyo vizuri, mtaona kwamba Kisumu ni mwisho wa tawi. Likipungua shinikizo popote kutoka Mombasa, wa mwisho ndiye wa kwanza kuhisi. Machi na Aprili 2022, serikali ilipochelewa kulipa kampuni za mafuta fedha za ruzuku, foleni za boda boda na matatu zilijaa barabarani, na Bonde la Ufa na magharibi ndizo zilizoumia zaidi. Dunia haikuwa imeishiwa mafuta wakati huo. Deni tu lilikuwa halijalipwa.

Kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi kwenye pampu. Januari 2009, pale Sachangwan karibu na Molo, lori la petroli lilipinduka, watu wakaenda kuteka, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Julai 2021 jambo hilo likajirudia Malanga, kaunti ya Siaya. Wengi hufikiri hatari ni kiberiti peke yake. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini, huingia mitaroni, hufuata mteremko, na unaweza kukutana na injini ya pikipiki mbali na lori lenyewe kisha moto ukarudi nyuma ulikotoka. Ukiona lori limelala, kimbilia upande upepo unakotokea, na juu ya mteremko.

Swali tunaloulizwa kila tunapokwenda ni hili: na mafuta ya Turkana je? Kisima cha Ngamia 1 kilipata mafuta Machi 2012. Makadirio ya Tullow, kampuni iliyokichimba, yalizungumzia mapipa zaidi ya milioni 500 yanayoweza kutolewa. Pipa ni lita 159. Kenya inatumia takriban mapipa 100,000 kwa siku, kwa hiyo hesabu ya harakaharaka inatoa miaka 13 na zaidi kidogo. Dunia nzima, inayotumia kama mapipa milioni 100 kwa siku, ingeyamaliza kwa siku tano. Isitoshe, mafuta yale yana nta nyingi, na yakipoa kidogo tu yanaganda. Ndiyo maana bomba lililopangwa kutoka Lokichar hadi Lamu, kilomita zaidi ya 800, lilipangwa kuwa la kupashwa joto njia nzima. Na kwa kuwa hatuna kiwanda cha kusafisha, yangeuzwa nje yakiwa ghafi, nasi tungeendelea kununua petroli kutoka nje kama kawaida. Turkana inaweza kuleta fedha. Utegemezi haiuondoi.

Hapa tuseme kidogo kuhusu wale waliotabiri mwisho wa mafuta. Mwaka 1956, mwanajiolojia wa Marekani M. King Hubbert alisema uzalishaji wa nchi yake ungefika kileleni karibu na mwaka 1970. Alichekwa, na mwaka 1970 ukafika kileleni kweli. Kisha, miaka arobaini baadaye, Wamarekani wakaanza kupasua miamba kwa wingi, kwa maji, mchanga na kemikali zinazosukumwa kwa shinikizo kubwa, na mwaka 2018 wakapita rekodi ile ya 1970. Basi waliomcheka wakacheka tena. Sisi tunaona pande zote mbili zilitazama mahali pasipo penyewe. Kisima cha mwamba uliopasuliwa hupoteza zaidi ya nusu ya mtiririko wake katika mwaka wa kwanza, hivyo lazima uchimbe kingine, na kingine, ili ubaki pale pale ulipo. Mafuta hayaishi ghafla. Kinachobadilika ni nguvu unayotumia kuyapata.

Mvuvi wa Dunga hahitaji kuelezwa zaidi. Injini ya maji ya nguvu farasi 15, ya petroli iliyochanganywa na oili, hula lita 5 hadi 6 kwa saa akikaza gesi. Mbuta wakiwa karibu, lita 10 zinaleta mashua imejaa. Wakipungua, anakwenda mbali zaidi, lita 40, na kurudi na samaki wale wale au wachache. Samaki bado wapo ziwani, lakini faida imebaki kwenye tangi la injini.

Sasa tuje kwenye ukuaji, maana hapo ndipo hesabu inapouma. Ruwaza ya 2030 ililenga uchumi ukue kwa asilimia 10 kila mwaka. Kwa kawaida tumekuwa tukipata karibu asilimia 5, na wachumi huona hiyo ni ndogo. Kujua kitu kitaongezeka maradufu baada ya miaka mingapi, gawa 70 kwa asilimia ya ukuaji. Asilimia 10 ni miaka 7. Asilimia 5 ni miaka 14. Kama matumizi ya mafuta yanafuata uchumi, mtoto aliyezaliwa mwaka huu akifika miaka 14 tutahitaji mara mbili ya lita za leo, akifika 28 mara nne, na akiwa na 42, umri ambao wengi wenu hapa mko nao, mara nane. Yale mapipa ya Turkana tuliyosema ni miaka 13, matumizi yakikua kwa asilimia 5 hayafiki miaka 11. Na ikigunduliwa Turkana nyingine ya ukubwa ule ule, mtu asifikiri imeongeza 11 nyingine. Inaongeza kama 7.

Watu husema, basi tutumie kwa uangalifu. Ni kweli, na chujio safi la hewa, upepo wa kutosha kwenye magurudumu na cheni iliyokazwa sawasawa huokoa petroli ya pikipiki. Lakini tuseme nchi nzima imefanikiwa kupunguza matumizi kwa asilimia 20, jambo ambalo ni kubwa mno. Kwa ukuaji wa asilimia 5, akiba hiyo yote inamezwa kwa miaka minne na nusu, na mwaka wa tano tuko tulipokuwa.

Wengine husema tutakua kwa mafuta ya miwa. Hili linatugusa kwa sababu Muhoroni ina kiwanda cha ethanoli tangu zamani, na katika miaka ya themanini petroli iliyochanganywa na ethanoli iliuzwa nchini. Tupige hesabu ya ekari moja. Chukua tani 25 za miwa, zinazokomaa kwa miezi 18 hivi. Ukikamua maji yote ya muwa kuwa ethanoli, bila kutoa sukari hata kijiko, unapata karibu lita 70 kwa tani: lita 1,750, yaani kama 1,170 kwa mwaka. Lita ya ethanoli ina theluthi mbili tu ya nguvu ya lita ya petroli, kwa hiyo ekari imetupa sawa na lita 780 za petroli. Boda boda inayokwenda kilomita 150 kwa siku, kilomita 45 kwa lita, siku 300, inakula lita 1,000. Ekari nzima ya miwa haitoshi pikipiki moja! Na ukitaka sukari kwanza, ethanoli itoke kwenye molasi peke yake, unapata kama lita 10 kwa tani. Hapo pikipiki moja inataka ekari tisa. Molasi ni mali na isimwagwe mtoni, lakini asidanganywe mtu kwamba miwa ya Nyando itaendesha Kisumu.

Kuna kijana atasimama aseme: mipaka ya ukuaji ni shida ya wazungu, sisi hata hatujaanza. Ana haki. Ukigawa mafuta ya Kenya kwa watu wake, kila mmoja anapata kama lita 110 kwa mwaka. Mmarekani anatumia zaidi ya 3,400. Hatuna la kumwomba radhi mtu. Nyumba inayohitaji maji safi na mama anayehitaji kufika hospitali usiku wanastahili kukua. Tunachosema ni kwamba ukuaji huo ukifungwa kwenye lita, tunaingia mnada mmoja na huyo wa lita 3,400, na tunajua nani atatoa bei kubwa. Sisi tuko mwisho wa tawi.

Kwa hiyo kila chama cha ushirika kianze kwa kuhesabu lita kwa kila kitu kinachotoka: lita kwa gunia, lita kwa kreti ya maziwa, lita kwa kilo ya omena. Mtashangaa zinakojificha.

Mfano ni ekari ya mahindi. Mkulima hulaumu trekta. Kulima kwa plau ni kama lita 8 hadi 10, kupiga haro kama lita 5. Jumla haizidi 15. Mfuko mmoja wa DAP, mbolea ya kupandia, wa kilo 50 una kilo 9 za naitrojeni; mfuko wa CAN wa kukuzia una kilo 13. Naitrojeni hiyo hutengenezwa kutoka hewani kwa kutumia gesi asilia, na kila kilo hula nguvu inayozidi kidogo ile ya lita moja ya dizeli. Hiyo mifuko miwili imebeba lita 20 hadi 25, kabla ya kuhesabu meli na lori. Mbolea imeshinda trekta. Ndiyo maana mwaka 2022, gesi ilipopanda bei duniani, DAP ilipita shilingi 6,000 kwa mfuko.

Sasa, naitrojeni hiyo inapotea wapi? Sehemu nyingi za Kakamega, Vihiga na Bungoma udongo umekuwa na asidi, na kumwaga DAP mwaka baada ya mwaka kunazidisha. Pehachi, kipimo cha asidi, ikishuka chini ya 5.5, fosforasi iliyomo kwenye DAP hushikwa na chuma na aluminiamu ya udongo, mzizi haupati. Mkulima anaona mahindi yana rangi ya zambarau, anaongeza mfuko wa pili, na anachoma gesi bila faida. Pima udongo kwanza; ukionyesha asidi, weka chokaa ya shambani wiki kadhaa kabla ya kupanda, ichanganywe na udongo, isiachwe juu. CAN iwekwe mahindi yakifika magotini, udongo ukiwa na unyevu, ifukiwe. Ukiiweka mbele ya mvua kubwa, inaishia ziwani kulisha magugumaji. Na wale wenye kayongo shambani, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, ile mbinu iliyoendelezwa na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, pale Mbita ya kupanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, kati ya mistari ya mahindi na nyasi ya ng'ombe pembezoni inafanya kazi tatu: inazuia kayongo, inafukuza kiwavi wa bua, na inarudisha naitrojeni ambayo haikupitia kwenye bomba la gesi. Kasoro yake isemwe pia: mbegu ya desmodiamu ni ndogo na ghali, msimu wa kwanza palizi ni nyingi, na ng'ombe wa jirani akiingia mara moja kazi imeharibika.

Kupunguza lita kuanze na mashine zinazosimama mahali pamoja, kwa sababu hizo hazibebi betri yake mgongoni. Tazama pampu ya mboga kando ya Nyando. Kuinua lita 20,000 za maji mita 10 ni kazi ya nusu yuniti tu. Pampu ya petroli ya inchi 2 inaifanya kwa saa moja hivi na kula zaidi ya lita moja, yaani zaidi ya yuniti 9 za joto kwa nusu yuniti ya kazi. Pampu ya sola, pamoja na hasara zake zote, inahitaji kama yuniti moja na nusu, na paneli moja ya wati 400 kwenye jua la Kisumu hutoa karibu hiyo kwa siku. Weka mbili, kwa sababu ya mawingu. Inapoharibika huwa ni kwa mambo manne: paipu nyembamba, matope, kukauka, na wizi. Paipu ndiyo isiyoonekana. Lita moja kwa sekunde kwenye paipu ya inchi 1 yenye urefu wa mita 100 inaongeza mzigo kana kwamba umeinua maji mita 15 zaidi. Ya inchi 2 haifiki hata mita moja. Mtu hununua pampu nzuri, akaokoa pesa kwenye paipu, kisha akasema sola haina nguvu.

Kinu cha posho nacho. Gunia la kilo 90 linataka yuniti 2 hadi 3 kusagwa, ambayo ni karibu lita moja ya dizeli. Stima yetu sehemu kubwa ni ya mvuke wa Olkaria, karibu na Naivasha, kaunti ya Nakuru, na ya maji, ikiwemo ya Sondu Miriu hapa jirani. Kubadili kinu kwenda kwenye stima ni kuondoka Hormuz kwenda Naivasha. Lakini laini za magharibi ni dhaifu, na adui mkubwa wa mota ya fezi tatu ni fezi moja kukatika. Mota haizimiki, inaendelea kuvuma kwa fezi mbili, inapata joto, na waya za ndani zinaungua ndani ya dakika chache. Kifaa cha kukata stima fezi ikipotea ni rahisi mara nyingi kuliko kufunga mota upya, na fundi asiyekiweka usimlipe. Nyundo za kinu zikichakaa pembe, zigeuze utumie pembe nyingine, maana nyundo butu na chujio la matundu madogo huongeza yuniti kwa kila gunia. Injini ya dizeli ya zamani usiiuze mara moja. Agosti 2023 sehemu kubwa ya nchi ilikaa gizani kwa saa nyingi.

Boda boda ya umeme inakuja baada ya hapo. Inatumia chini ya robo ya nguvu inayotumiwa na ya petroli kwa kilomita, na hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye betri: uliza inakwenda kilomita ngapi ikiwa na abiria wawili na kupanda mlima wa Riat, isiwe kwenye lami tambarare, uliza ni nani mwenye betri, wewe au kampuni, na kituo cha kubadilishia kiko umbali gani na njia yako ya kila siku. Anayefanya kazi Kondele na anayekwenda Chemelil hawawezi kupewa jibu moja.

Trekta, lori la mazao na ambulensi zitabaki kwenye dizeli kwa miaka mingi. Hakuna haja ya kujidanganya. Lita zilizookolewa kwenye pampu na vinu ndizo za hawa. Kwa hiyo tunapendekeza kila chama kiandike, na wanachama wapitishe kwa kura, orodha ya nani anapewa dizeli kwanza siku vituo vikikauka: mgonjwa, kisha mtambo wa kupozea maziwa, maana maziwa hayasubiri jioni, kisha trekta za kulima, kisha lori. Magari ya viongozi yawe mwisho, tena yaandikwe waziwazi kwamba ni ya mwisho. Dizeli ya akiba isiwekwe kwenye madumu majumbani. Iwe kwenye tangi moja la chuma, lenye kivuli, mbali na jiko, na maji yanayokusanyika chini ya tangi yatolewe kila mwezi kabla hayajaota ukungu na kuziba chujio la trekta. Petroli msiiweke kabisa. Na orodha ipitishwe Januari, kwa sababu uhaba wa 2022 uliangukia Aprili, mbegu zikiwa tayari na mvua imeanza.